Makala Saba za Richard Heck

Watu wengi walilisikia jina la Richard Heck kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 2010, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki. Mimi nilikutana nalo katikati ya miaka ya 1980, nikisomea uzamivu katika chuo kimoja cha Uingereza. Wakati huo paladiamu niliijua kama unga mweusi wa kuongezea haidrojeni kwenye molekuli, basi. Msimamizi wangu akanituma maktaba. Akaniambia nianzie juzuu la 1968 la jarida la Chama cha Kemia cha Marekani.

Nikakuta makala saba zimefuatana, zote juu ya kuunganisha kaboni kwa msaada wa paladiamu, na kila moja ina mwandishi mmoja tu, Heck. Zilinishtua. Kwenye fani yetu makala huandikwa na profesa na kundi la wanafunzi wake, lakini huyu hakuwa hata profesa: alikuwa mwajiriwa wa Hercules, kampuni ya kemikali ya mjini Wilmington, jimbo la Delaware. Huko huko, miaka michache kabla, yeye na David Breslow walikuwa wameeleza hatua kwa hatua jinsi kobalti inavyochochea mmenyuko ambao viwanda vilikuwa vikiutumia siku zote bila kuuelewa vizuri. Ndiyo maana makala zile saba zilisomeka kama kazi ya mtu anayejua metali inafanya nini ndani ya chupa, si mtu wa kubahatisha.

Zilikuwa na kasoro moja kubwa. Ili kuunganisha kaboni na kaboni, alihitaji misombo ya zebaki, na zebaki ni sumu. Mwaka 1972, akiwa amehamia Chuo Kikuu cha Delaware, yeye na mwenzake Nolley walichapisha njia isiyo na zebaki: iodidi ya kawaida, olefini (molekuli yenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili), amini, na paladiamu kidogo sana, sehemu moja kwa mia. Paladiamu hujipenyeza kati ya kaboni na iodini, huipokea olefini, huzifunga kaboni mbili pamoja, kisha hujitoa. Ni mshenga: akishamaliza ndoa hii anakwenda kuposa nyingine, na ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha.

Niliufanya mmenyuko huo kwa iodobenzini na stirini. Asetati ya paladiamu ni unga wa rangi ya kahawia iliyoelekea chungwa, na trietilamini inanuka kama samaki aliyelala. Nikaiacha chupa kwenye mafuta ya moto. Baadaye chumvi nyeupe ikaanza kujitenga, na utando mweusi wa metali ukashika ukutani mwa kioo, dalili kwamba sehemu ya kichocheo imeshakufa. Niliposafisha nikapata fuwele nyeupe za stilbini, na chini ya taa ya urujuanimno doa lake liling'aa buluu. Kwa njia nilizofundishwa shahada ya kwanza, kazi hiyo ingehitaji hatua kadhaa, na kila hatua ingekula sehemu ya mali. Hapa ilikuwa chupa moja. Nilifurahi kiasi cha kumwita kila aliyekuwa maabara aje aone.

Kwa hiyo niliposikia, nikiwa nimesharudi Tanzania kufundisha, kwamba Heck alistaafu mwaka 1989 kwa sababu fedha za utafiti zilimkaukia, niliumia kwelikweli. Alikuwa hajafika miaka 60. Na miaka hiyo hiyo ndiyo mmenyuko wake ulikuwa unashika kasi! Makala zilizoutumia ziliongezeka kila nilipopata majarida mapya. Naproxen, dawa ya maumivu ya viungo, ikapata njia ya kiwandani inayopitia humo humo. Aliyeianzisha kazi hiyo hakuwa tena na maabara. Mpaka leo naamini wagawaji wa ruzuku walikosea pakubwa: walitazama anaomba nini mwaka ule, hawakutazama makala zile saba zilikuwa zimezaa nini mikononi mwa wengine.

Tuzo ilimkuta Ufilipino, alikohamia na mkewe, akiwa na miaka 79. Alifariki mwaka 2015.

Yuko mwingine ambaye tuzo haikumkuta kabisa. Tsutomu Mizoroki, wa Japani, alichapisha mmenyuko huu huu mwaka 1971, bila kutegemea kazi ile ya Delaware, akafariki mwaka 1980 kabla haujapata umaarufu. Nobel haitolewi kwa marehemu. Wanafunzi wangu walipokuja mwaka 2010 kuniomba niwafundishe mmenyuko wa mshindi, niliwaandikia ubaoni majina mawili, Mizoroki kwanza, halafu Heck, nikawataka wayaandike hivyo hivyo kwenye mtihani.