Toa Moja

Nyuma ya nyumba yetu, Katuba, kuna kibanda cha mabati chenye upana wa hatua nne. Ndani yake mna turi moja ya zamani, eto iliyofungwa juu ya meza ya mbao nzito, perezi ya kutobolea, jiwe la kunolea, na makopo ya maziwa yaliyojaa vipande vya chuma. Baba yangu alifanya kazi ya turneri kwa miaka 27 katika karakana ya kampuni ya madini. Alipostaafu alinunua turi hii kwa bei ya chuma chakavu, akaibadilishia moteri ili ikubali umeme wa nyumbani. Kibanda si duka. Baba huchonga humo anachopenda: puli ya cherehani ya jirani, vishikizo vya visu, kinara cha mishumaa cha parokia.

Mimi niko mwaka wa mwisho katika lugha za Kiafrika, na kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu msamiati wa ufundi wa chuma katika Kiswahili cha Lubumbashi. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta data. Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto niliandika maneno ya baba: turi, eto, lima, perezi, kusineti, piakulisi. Upande wa kulia niliandika maneno ya kamusi: mashine ya kukereza, jiliwa, tupa, keekee, na kadhalika.

Siku moja nikamsomea upande wa kulia. Nilipofika kwenye «jiliwa» alicheka mpaka akakaa chini.

«Jiliwa? Huyu njo nani?»

Lakini nilipotaja nyundo aliacha kucheka. Nyundo, akasema, ni yetu. Na kufua chuma, aliongeza, ndiyo kufula ya Kibemba cha mama yake. Niliandika yote hayo kwa furaha. Darasani tulikwisha kumsoma Polomé, aliyeandika juu ya Kiswahili cha mji wetu mwaka 1968, na kitabu cha Fabian cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni. Nilidhani kilichobaki kwangu ni kujaza jedwali.

Mwezi wa tano mama yangu alirudi kutoka sokoni kabla ya saa sita, mashine yake ya kusagia karanga ikiwa juu ya mkokoteni.

«Inalia,» alisema, «na bateja banaona bintu byeusi mu kalanga.»

Siagi hiyo ya karanga ndiyo inayolipa minervali yangu. Na tangu mwaka jana, kila jioni mama hutenga noti chache katika kikopo kwa ajili ya macho ya baba, kwa sababu baba ana mtoto wa jicho pande zote mbili na anangoja kupasuliwa. Mashine isiposaga, kikopo hakijai.

Baba hakuhitaji macho kujua ugonjwa wa mashine. Alishika mhimili kwa vidole viwili, akautikisa juu na chini. Ulicheza. Kusineti, yaani ile pete ambayo mhimili huzunguka ndani yake, ilikuwa imelika. Mhimili ukiyumba, sahani mbili za kusagia hugusana, chuma hula chuma, na vumbi lake huingia katika karanga. Sokoni kusineti hiyo haiuzwi peke yake. Ukiitaka, nunua mashine nzima.

Nilimwuliza kwa nini tusichonge pete ya chuma, maana chuma tunacho tele. Akaniambia kwamba chuma juu ya chuma, mafuta yakipungua kidogo tu, hushikana na kuchanana. Shaba tupu, ambayo mji wetu unajulikana kwayo, nayo ni laini mno na hung'ang'ania kisu cha turi. Inatakiwa bronzi, shaba iliyochanganywa na bati. Ikipatana na mhimili wa chuma, inalika yenyewe polepole na kuuacha mhimili salama. Alitoa chini ya kitanda kipande cha bronzi kilichofungwa katika kitambaa. Alikuwa amekihifadhi miaka 11. Alikipiga lima mara moja, akaniuliza rangi. Nikasema ni ya njano inayoelekea wekundu. «Basi si letoni,» akasema.

Kilikuwa kimoja tu.

Tundu la mashine lilikuwa na kipenyo cha milimeta 34, mhimili milimeta 20. Baba alisimama kando yangu mkono wake ukiwa juu ya turi, akisikiliza. Mimi nilikuwa macho yake: nilisoma piakulisi, nikazungusha usukani wa kisu. Tulipunguza nje ya bronzi kidogo kidogo mpaka nikasoma 35.2.

«Mama, toa moja,» alisema.

Nikazungusha usukani milimeta moja kamili, nikapitisha kisu. Baba alikunja uso kabla sijazima moteri, kwa sababu sauti ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Nikapima. Nikapima tena. Piakulisi ilisema 33.2.

Kwa turneri wa karakana yake, «toa moja» maana yake ni kutoa moja kwenye kipenyo. Lakini usukani wa turi yetu huhesabu mwendo wa kisu tu, na kisu kikiingia milimeta moja upande mmoja, kitu kinachozunguka hupungua milimeta mbili. Nilitakiwa kuzungusha nusu. Kwake hilo halihitaji kusemwa. Mikono yake iligawanya kwa mbili maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeliandika neno «kutoa» katika daftari langu wiki tatu kabla, na mbele yake: kupunguza. Maana ilikuwa sahihi, na bronzi ya miaka 11 ilikuwa imeharibika.

Baba hakugomba. Alikaa juu ya ndoo. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta, maana niliona aibu kulia mbele ya mtu asiyeweza kuona vizuri machozi yangu.

Baada ya muda akaniita. «Tukate tena,» alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kipande kilikuwa kimekwisha kuwa chembamba mno! Lakini baba alikuwa ameshahesabu. Pengo la 0.8 haliwezi kujazwa, kwa kuwa ganda la kulijaza lingekuwa na unene wa 0.4 tu, jembamba kama kopo la sardini. Tukipunguza bronzi mpaka 28, tunapata nafasi ya kuivalisha shemizi ya chuma yenye unene wa milimeta 3. Ndani ya bronzi kungebaki milimeta 4 kila upande, na hizo zinatosha.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili, ukarudi saa nne usiku. Tulichonga shemizi kwa taa ya simu na balbu moja. Sehemu ya nje tuliiacha kubwa kuliko tundu kwa nywele tu, ili ishike. Tulisukuma bronzi ndani ya shemizi, na shemizi ndani ya tundu, kwa kufunga eto polepole. Sehemu ya ndani tuliimaliza mwisho, kwa sababu pete ikibanwa kutoka nje, tundu lake la ndani nalo hujifunga kidogo. Kipimo cha mwisho hakikuwa piakulisi bali mhimili wenyewe. Baba aliupaka mafuta, akausukuma kwa kidole gumba. Uliingia bila kugoma na bila kucheza.

Asubuhi mama alisaga kikombe kimoja cha karanga, akapaka siagi juu ya sahani nyeupe, akaikagua kwenye jua. Hakukuwa na weusi. Alifunga mashine kwenye mkokoteni akaondoka.

Kitivoni tunabishana mara nyingi kama tuseme eto au jiliwa. Naupenda ubishi huo, na katika kazi yangu nimeyaweka maneno yote mawili. Lakini eto haikutuharibia kitu. Kila mtu aliyeingia kibandani aliijua kwa kuiona. Lililotugharimu ni neno ambalo sikulitilia shaka, neno la Kiswahili safi ambalo kila mtoto wa Katuba analijua, nami nililiandika bila kumwuliza baba analitumiaje mkono wake ukiwa kwenye usukani. Sasa nimerudia mahojiano yote, safari hii moteri ikiwa inazunguka. «Kutoa» ilikuwa na mstari mmoja. Ina nusu ukurasa.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunachonga mguu wa kinara.

«Mama, toa moja.»

«Moja ya wapi, papa? Ya kisu ao ya kitu?»

Alinyamaza kidogo. «Ya kitu,» alisema. Nikazungusha nusu.