Kikulacho ki Nguoni: Ken Walibora na Ujasusi Usio na Bastola

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii husikika aghalabu pale rafiki anapomsaliti rafiki, au pale mwanasiasa anapowalaumu aliowalea. Ni nadra kuisikia ikitajwa katika mjadala kuhusu riwaya ya upelelezi. Wanafunzi wengi wa fasihi huamini kwamba adui katika riwaya hiyo hutoka mbali, huvuka mpaka usiku, hubeba pasipoti bandia na huzungumza lugha ya kigeni. Insha hii inamwangalia mwandishi mmoja wa Bungoma na Kitale ambaye maisha yake na kazi zake zilielekea upande wa methali: alimtafuta adui nguoni.

Huko Uingereza, njia kutoka ofisi ya usalama wa taifa hadi meza ya riwaya imekanyagwa na wengi. Ian Fleming alitumikia idara ya ujasusi ya jeshi la majini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha mwaka 1953 akamleta duniani James Bond. David Cornwell aliajiriwa na idara mbili za siri za nchi hiyo, na kwa kuwa mwajiriwa wa namna hiyo hakuruhusiwa kuchapisha kwa jina lake, akajiita John le Carré. Wa kwanza aliupamba ujasusi kwa magari na mvinyo. Wa pili aliuonyesha kuwa kazi ya watu wachovu wanaodanganyana katika ofisi zenye baridi. Wote wawili walichota katika kisima kimoja: mazoea ya kumchunguza binadamu kwa niaba ya dola.

Katika Kiswahili, mambo yalikwenda kinyume. Bingwa wa riwaya ya ujasusi, Aristablus Elvis Musiba wa Tanzania, alikuwa mtu wa biashara. Ndiye aliyemuumba Willy Gamba, mpelelezi hodari anayetamba katika Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Gamba ni mtoto wa enzi ya ukombozi. Adui zake ni makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao, na kila anapofyatua risasi msomaji anajua ni nani mwema na ni nani mwovu. Dola ya Kiafrika ni changa na inahujumiwa, naye Gamba ni ngao yake. Kwa wakati ule, mpango huo ulikuwa na ukweli wake, kwani makaburu walikuwapo na njama zao zilikuwapo.

Je, yupo miongoni mwa waandishi wetu aliyeanza kama mchunguzi wa serikali, kisha akaishia katika riwaya? Jibu la karibu zaidi ni Ken Walibora. Hakuwa jasusi. Kabla ya kujulikana kama mtangazaji na mwandishi, alikuwa afisa wa probesheni.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa, maana wengi huisikia jina tu. Mtu anapopatikana na hatia, hakimu anaweza kutaka kujua zaidi kabla ya kutoa hukumu. Hapo ndipo afisa wa probesheni hutumwa. Huenda nyumbani kwa mkosaji, huzungumza na wazazi, majirani, chifu, mwalimu wa zamani, na pengine hata na aliyekosewa. Huuliza mtu huyu alilelewaje, anakunywa nini, ana deni la nani, na akirudishwa kijijini atapokewa vipi. Kisha huandika ripoti. Kwa ripoti hiyo, mtu anaweza kwenda gerezani au kurudi kwa mamake. Jasusi na afisa wa probesheni wote huchungulia maisha ya watu na kuyaandika kwa ajili ya macho ya wakubwa. Lakini jasusi huuliza, “Mtu huyu atatudhuru vipi?” Afisa wa probesheni hulazimika kuuliza, “Mtu huyu amefikaje hapa?” Swali hili la pili ndilo swali la mwandishi wa riwaya.

Walibora alizaliwa Bungoma, akalelewa Cherangany katika eneo la Kitale. Sehemu hizi mbili zinapakana, na Mlima Elgon unaonekana kutoka pande zote mbili, lakini historia zao zimefungamana kwa fundo gumu. Chini ya ukoloni, mashamba mapana ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi. Baada ya uhuru, familia nyingi kutoka Bungoma zilihamia huko kwa kununua ardhi au kugawiwa katika mipango ya makazi. Hivyo basi, hatimiliki si karatasi tu katika nchi hii. Ni tofauti kati ya mwenyeji na mpangaji, kati ya kuzikwa kwenu na kuzikwa kwa watu.

Fauka ya hayo, watu wa Bungoma walifahamu mapema maana ya kuchunguzwa na dola. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliandamwa na serikali ya kikoloni kwa kuwataka Wazungu waondoke. Mnamo Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, watu 11 wakauawa. Masinde mwenyewe alikaa kizuizini miaka mingi, na hata baada ya uhuru hakuwacha kugongana na wenye mamlaka. Katika mazingira ya namna hiyo mtoto hujifunza kwamba anayekuja na kalamu na daftari anaweza kuwa mwalimu, na anaweza pia kuwa kitu kingine.

Kutoka probesheni, Walibora aliingia katika uanahabari, akawa sura na sauti inayofahamika katika runinga ya Nation. Alisoma shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaenda Marekani na kupata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2009. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, akarejea Kenya, akafanya kazi tena katika shirika la Nation, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Riara. Mtu anayeyatazama haya kwa haraka atasema kwamba huyu ni mtu wa kuhamahama. Lakini mahakama, chumba cha habari na darasa la fasihi vyote vina hitaji moja: atafutwe mtu wa kuuliza kilichofichwa, kisha akieleze kwa lugha inayoeleweka.

Hata jina lake lina hadithi. Kwao aliitwa Waliaula, na neno “aula” kwa Kiswahili lina maana ya bora. Basi akaitwa Walibora. Cornwell alijiita le Carré ili asijulikane. Huyu wa kwetu alilitafsiri jina lake ili ajulikane katika lugha aliyoichagua.

Tazama sasa riwaya zenyewe. Katika Siku Njema (1996), kijana Kongowea Mswahili, aitwaye pia Msanifu Kombo, anafunga safari ndefu kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Muundo wake ni wa upelelezi: kuna mtu aliyepotea, kuna fununu, kuna safari, kuna vikwazo. Kinachotafutwa, hata hivyo, si nyaraka za siri. Ni asili ya mtafutaji mwenyewe. Katika Kufa Kuzikana (2003) urafiki wa vijana wawili wa makabila tofauti unatiwa katika tanuri la chuki za kikabila. Msomaji wa Bungoma na Trans Nzoia hakuhitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa sababu mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifika mlangoni pake. Adui hakuvuka mpaka. Alikuwa jirani aliyeazima chumvi juzi.

Ni katika Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari nchini Kenya, ambapo ujasusi usio na bastola unadhihirika wazi. Amani anaingia Sokomoko na kuajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Anavaa nguo za mchungaji, analala katika kibanda, anavumilia matusi na kipigo. Ndani ya nafsi yake, hata hivyo, ana maswali mawili: ni nani aliyeuiba mswada wake, na ni nini kilichoikumba familia yake na ardhi yake? Wizi wa mswada unamfikisha kwa Majisifu, ndugu ya Mtemi, anayesifiwa kwa kitabu asichokiandika. Suala la ardhi linamrudisha kwa Mtemi mwenyewe, aliyejitajirisha kwa hati bandia huku mtu asiye na hatia akitupwa gerezani.

Huyu Amani ni jasusi kamili: ana jukumu la siri, ana sura ya bandia, anaishi katika nyumba ya adui na kula chakula chake. Lakini mambo matatu yanamtenga na Willy Gamba. Kwanza, hakutumwa na dola. Dola ndiyo anayoichunguza. Pili, silaha yake ni subira. Tatu, ukweli unapofichuka, halipizi kisasi. Mtemi anaangamizwa na aibu ya matendo yake, ndiyo maana ya kuozewa na kidagaa, ilhali Amani anasamehe na kugawa. Gamba aliilinda dola dhidi ya mgeni. Amani anawalinda wananchi dhidi ya mtemi wao. Kati ya mwaka 1974 na 2012 adui amehama kutoka ng'ambo ya mpaka, ameingia nguoni.

Mhakiki anaweza kupinga kwamba huku ni kulivuta neno “ujasusi” kupita kiasi; kwamba riwaya ya kijamii ibaki ya kijamii, na ya ujasusi ibaki na bastola zake. Pingamizi hili lina uzito. Kidagaa haina kasi ya Njama, na Walibora hakudai kuandika riwaya ya upelelezi. Hata hivyo, tanzu hazikai katika masanduku yaliyofungwa. Mbinu ya kuficha na kufichua, mhusika mwenye sura mbili, barua na hati zinazobeba siri, ni mali ya riwaya ya upelelezi hata zinapoazimwa na jirani. Na ni mbinu zilizomfaa mtu aliyezoea kukusanya ushahidi kijijini kabla hakimu hajanena.

Ushahidi mwingine umo katika utafiti wake wa kitaaluma. Tasnifu yake ya uzamifu ilihusu simulizi za waliofungwa kwa sababu za kisiasa nchini Kenya. Uwanja huo una majina yanayofahamika. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, na diwani yake, Sauti ya Dhiki, ikachapishwa 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa mwishoni mwa 1977 na akaandika riwaya juu ya karatasi za chooni. Hawa ni watu waliochunguzwa na idara za usalama na kuandikiwa ripoti ambazo hawakuruhusiwa kuzisoma. Aliyekuwa akiandika ripoti kuhusu wafungwa alikwenda kusoma ripoti ambazo wafungwa waliandika kuhusu dola. Duara likakamilika.

Kuna jambo la mwisho ambalo si rahisi kulitaja, wala si haki kuliacha. Ken Walibora alifariki jijini Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, baada ya kugongwa na basi katika barabara ya Landhies. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana katika kila nyumba yenye runinga, na ambaye jina lake lilikuwa katika mkoba wa kila mwanafunzi wa sekondari, alilala katika mochari ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta bila jamaa zake kujua aliko. Walimpata tarehe 15. Magazeti yaliripoti kwamba uchunguzi wa maiti ulionyesha pia jeraha la kisu mkononi, na wapelelezi wakaanza kazi. Nchi nzima ikauliza maswali yale yale ambayo Kongowea na Amani waliuliza: alikuwa wapi, alikuwa na nani, ni nani aliyeona? Alizikwa Trans Nzoia, kwao, katika udongo aliouandika.

Wanaosoma na kufundisha Kiswahili hawana uwezo wa kufungua majalada ya polisi. Wana majalada yao, nayo yamo maktabani. Hakimu aliyepokea ripoti ya afisa wa probesheni alipaswa kuisoma yote kabla ya kutoa hukumu, asije akamfunga mtu kwa kosa moja huku maisha yake yote yakimtetea. Msomaji wa Walibora ana wajibu huo huo. Akiisoma Kidagaa kwa ajili ya mtihani tu, akakariri wahusika na maudhui, atakuwa ameisoma ripoti nusu. Na katika Sokomoko, kama ilivyo Kitale na Bungoma, nusu ya ripoti ilitosha kumpeleka asiye na hatia gerezani.