Uso Mwekundu Si Ushahidi wa Ulevi

Majira ya ulanzi yanapofika huku kwetu Njombe, mimi karani wa usharika huongezewa kazi moja: kujibu maswali juu ya uso wangu. Mashavu na pua huiva rangi ya damu ya mzee, vipele vidogo hutoka, na ngozi huchoma kama ya mtu aliyeketi karibu mno na jiko. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ninayemheshimu sana, alinivuta kando akanishauri kwa upole niache pombe. Nilimshukuru. Lakini ulanzi sijapata kuuonja tangu nizaliwe.

Ugonjwa huu madaktari huuita rozasea. Kwetu watu husema ni chunusi tu, na hapo ndipo matatizo yanapoanza, maana si chunusi. Mara nyingi huanza mtu akiisha kupita miaka 30. Mishipa midogo ya damu chini ya ngozi ya uso hutanuka upesi kuliko ipasavyo, na ngozi hukasirishwa na mambo madogo. Imeonekana pia ya kuwa vijidudu viitwavyo demodeksi, visivyoonekana kwa macho na ambavyo hukaa katika vinyweleo vya karibu kila mtu mzima, huwa vingi zaidi katika nyuso za wenye ugonjwa huu. Hauambukizi. Hutulia, kisha hurudi. Waweza kuutawala, lakini hakuna dawa ya kuung'oa mara moja ukasahauliwa.

Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, ambayo wekundu wake huonekana toka mbali. Kwetu sisi weusi wekundu hujificha. Mtu huhisi joto na kuchoma, huona vipele vigumu visivyo na kichwa cheusi kama vya chunusi, naye huambiwa akaoge vizuri zaidi. Basi huenda akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka.

Juu ya pombe, tuseme kweli yote. Pombe huwasha uso wa mwenye rozasea, iwe ulanzi, komoni au mvinyo wa dukani. Akinywa ataiva. Lakini si pombe iliyomletea ugonjwa, na wengi wanaougua hawanywi kabisa. Desturi ya kumsoma mtu uso na kumhukumu ni ya zamani, tena haikuanzia kwetu. Katika jumba la Louvre huko Paris imo picha ya mchoraji Ghirlandaio wa Italia, iliyochorwa yapata mwaka 1490: mzee mwenye pua iliyovimba na kujaa vinundu, na mjukuu wake anamtazama. Madaktari husema pua ile ni ya ugonjwa huu uliokomaa. Mtoto yule haonyeshi dalili ya kumwogopa babu yake.

Sisi watu wazima ni wagumu zaidi. Namjua mama mmoja wa Makambako, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye maneno ya wenzake yalimfanya aache kwaya na kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, apate kutoka kabla ya watu kusalimiana. Kisha dukani akauziwa tyubu ya krimu isiyo na maelezo ya Kiswahili. Wiki ya kwanza uso ulitulia, hata akafurahi. Akaendelea. Baada ya miezi michache kila alipokosa kuipaka siku mbili, uso uliwaka kuliko mwanzo, ngozi ikawa nyembamba kama karatasi.

Tafadhali sikilizeni habari hii kwa makini. Krimu nyingi za namna hiyo zina betamethasoni au klobetasoli, nazo ni dawa kali za jamii ya steroidi. Zina kazi yake hospitalini, lakini zikipakwa usoni kwa muda mrefu huweza zenyewe kuleta rozasea kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Wengine huzichanganya katika mkorogo wa kujichubua pamoja na haidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo nchi yetu imepiga marufuku katika vipodozi. Wala aliyezoea steroidi asizitupe ghafula bila ushauri, maana uso huweza kulipuka. Daktari atamwonyesha namna ya kuziacha.

Kwa kuwa wengi wameumizwa hivyo, hukimbilia dawa za asili, nami siwalaumu. Ila neno "asili" lisitulevye. Limau ni la asili, na likipakwa juu ya ngozi iliyokasirika huunguza. Majivu ni ya asili. Shubiri nayo hufaa kwa wengine: ute ule mweupe wa ndani hupoza, lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha, yafaa uoshwe wote kwanza. Jaribu kitu chochote kipya ndani ya mkono kwa siku mbili tatu kabla ya kukipeleka usoni.

Asali nayo imepimwa. Mwaka 2015 wataalamu wa New Zealand walitangaza matokeo ya kupaka asali ya mmea wa kwao uitwao kanuka, iliyochanganywa na glisirini, katika nyuso za wenye rozasea kwa wiki 8. Kama theluthi moja ya waliopakwa walipata nafuu kubwa, na kwa waliopakwa krimu ya kawaida kama mmoja katika sita. Ni habari njema, lakini asali ile ilikuwa imesafishwa kwa matumizi ya hospitali, tena theluthi mbili hawakupata nafuu kubwa hiyo. Asali yetu ya porini mimi naila kwa mkate.

Lililonifaa zaidi halikuwa la kupaka. Nilisomea ualimu, na chuoni tulizoeshwa kuandika kila kitu; basi nilichukua daftari nikaandika kila siku nilichokula, mahali nilipokuwa, na jinsi uso ulivyokuwa jioni. Baada ya miezi miwili daftari lilisema wazi: moto wa kuni, jua la saa sita, upepo wa barabarani, na chai.

Chai ilinihuzunisha, kwa maana twaishi kati ya mashamba ya chai ya Kibena na Luponde. Lakini kumbe si majani yenye kosa. Mwaka 1981 daktari Wilkin wa Marekani aliwapa wagonjwa kahawa ya moto, kahawa iliyopoa, na maji ya moto matupu. Kahawa iliyopoa haikuwasha uso. Maji ya moto yaliwasha. Adui ni joto. Sasa nakunywa chai ikiwa vuguvugu, na mke wangu huniita mtoto.

Jua la huku nalo hudanganya. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai twavaa makoti mchana, kwa hiyo twadhani jua halina nguvu. Kwa kweli kadiri unavyopanda juu ndivyo miale yake inavyozidi ukali, baridi iwe baridi. Mimi huvaa kofia pana hapa Ramadhani na nikisafiri Makambako, ambako upepo na vumbi havina huruma, huufunika uso kwa skafu laini. Nanawa kwa maji ya uvuguvugu bila kujisugua, kisha napaka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hospitali hiyohiyo ina chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika hospitali nyingi. Ulizia kama yuko mmoja karibu nawe.

Maana hospitali haipingani na shubiri. Iko dawa ya kupaka yenye asidi ya azelaiki, kitu ambacho hupatikana pia katika ngano na shayiri. Iko jeli ya metronidazoli, na viko vidonge vya doksisaikilini kwa vipele vikali, ila si kwa mama mjamzito. Tena yako magonjwa mengine yanayofanana na huu usoni, kama lupasi, ambayo huhitaji kipimo cha damu.

Na macho yakianza kuwasha, kuwa mekundu, au kuhisi mchanga ndani yake, usingoje mwisho wa mwezi, maana rozasea huweza kuingia machoni na kudhuru kuona. Nenda, na uchukue mkobani kila tyubu na kila chupa uliyowahi kupaka, hata ile isiyo na karatasi, ili mganga aione mwenyewe.