Visima vya Kitui Vilivyohamia Uhispania

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo nitasema kwa nini, ingawa naona aibu.

Niliandika programu ya kuwaonyesha mafundi wa pampu visima vibovu vilivyo karibu nao huko Kitui. Ilifanya kazi vizuri. Kisha nikaongeza faili la visima vipya. Siku moja mzee wa kamati ya maji akanipigia simu: "Kijana wangu, tumeripoti pampu yetu siku kumi na mbili sasa. Mbona fundi haji? Akina mama wamerudi kuchota mtoni."

Nikafungua ramani. Kisima chake kilikuwa Uhispania, karibu na mji wa Murcia!

Kosa lenyewe ni hili. Kitui iko takriban latitudo -1.37, longitudo 38.01. Mabaharia na wapima ardhi hutaja latitudo kwanza, na mfumo wa EPSG:4326 hufuata mpangilio huo. Lakini darasani tulifunzwa x kwanza, halafu y, na kwenye ramani x ni longitudo. GeoJSON huanza na longitudo. Faili jipya lilikuwa la GeoJSON, nami nikalisoma kama lile la zamani.

Mbona programu haikulalamika? Latitudo haiwezi kuzidi 90. Mtu wa Los Angeles, kwenye longitudo -118, akikosea hivi atakataliwa papo hapo. Longitudo zetu Kenya ni 34 hadi 42 hivi, kwa hiyo zinapita kama latitudo bila kelele. Hata GDAL, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za ramani, ilipobadilisha mpangilio wake katika toleo la 3.0 mwaka 2019, waandishi wengi wa programu walilazimika kurekebisha kazi zao.

Sasa kila nukta lazima iwe ndani ya mipaka ya Kenya, la sivyo inakataliwa. Ni mistari minne tu ya kodi.

Pampu ilitengenezwa kesho yake. Nilimpigia mzee nikakiri kosa ni langu, maana kijiji kizima kilikuwa kikimlaumu fundi.

Kwa leo naishia hapo. Ukipewa faili la ramani, kwanza tafuta kijiji unachokijua.