Plagi ya Nne

Katika mwambao wa kaskazini, kuanzia Pangani hadi Horohoro, ni machache magari ya mbio yaliyopendwa na vijana kama Subaru Impreza. Gari hili huingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, na aghalabu mnunuzi huwa amelisikia kabla hajaliona. Mngurumo wake ni mzito na wa kukatakata, mfano wa ngoma iliyowambwa ikaregea upande mmoja. Sifa zake zilienezwa Afrika Mashariki na mashindano ya Safari, ambayo Mwingereza Richard Burns aliyashinda nchini Kenya mwaka 2000 akiendesha Impreza ya buluu. Walakini anayeshangilia mbio hana haja ya kujua plagi za gari hilo hutolewaje. Ajuaye hayo ni fundi, naye hayafurahii.

Injini nyingi zimesimama wima, na plagi zake huwa juu, zimepangika kama vizibo vya chupa ndani ya kreti. Fundi hufungua boneti akaziona zote. Injini ya Subaru imelala. Pistoni mbili hupigia kulia na mbili kushoto, kama mabondia wanaonyoosha mikono kila mmoja upande wake. Mpango huo ulibuniwa na Mjerumani Karl Benz mwaka 1896, na Subaru wameufuata tangu mwaka 1966. Faida yake ni kwamba uzito hukaa chini, gari likashika barabara vyema kwenye kona. Taabu yake ni kwamba vichwa vya silinda vimeelekezwa kwenye kuta za chumba cha injini, na baina ya plagi na bodi hapabaki ila nafasi finyu ya kupitisha mkono.

Kwa hiyo kazi ya kutoa plagi huanza kwa kutoa vitu visivyokuwa plagi: upande huu betri na chupa ya maji ya kioo, upande ule boksi la chujio la hewa. Kisha vumbi lililojikusanya ndani ya tundu hupulizwa kwa upepo wa pampu, kwani chembe moja ya mchanga ikitumbukia ndani ya silinda itakuwa imefanya zaidi ya yale aliyoyajia mwenye gari. Hapo jicho huwa limemaliza kazi yake. Soketi huingizwa peke yake, kikafuata kipande cha kuirefusha, kikafuata kiungo cha kupinda, mwisho racheti. Vyote huungwa humo humo ndani kwa vidole, na fundi akiwa ametazama pengine kabisa, ukutani au barabarani, kama msikilizaji wa habari za redio. Plagi za mbele zina unafuu. Ya nne, iliyo nyuma kabisa, ndiyo ijulikanayo kwa ubishi.

Na hii ni Tanga. Upepo wa bahari unaopita Raskazone na kuingia mjini umebeba chumvi, na chumvi haichagui mlango. Mwili wa plagi ni chuma, kichwa cha silinda ni alumini. Madini mawili yaliyokutanishwa na unyevu wa chumvi hulana polepole, na joto la injini huyakaza zaidi. Plagi iliyokaa miaka mingi bila kuguswa huwa kama imeota mahali pake. Akiivuta mtu kwa nguvu, kimojawapo kitakubali: ama plagi itakatika, ama itatoka na hesi za alumini zimeiganda kama maganda ya samaki. Katika hali zote mbili, Subaru hiyo huenda ikashushwa injini nzima, na gharama yake humfanya mwenye gari ataje majina ya wazazi wake.

Ufundi wa mji huu una ukoo mrefu. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf aliuleta mkonge katika pwani hii. Karakana za reli na za mashamba zikawa madrasa ya makanika kwa vizazi vingi. Lakini kabla ya chuma palikuwa na mbao. Wapo Pangani na kwengineko waliotia kalafati majahazi, wakishindilia pamba iliyolowa mafuta baina ya ubao na ubao, na sikio likiwaambia kwa mlio wa nyundo kama ufa umejaa au umefunikwa tu. Abiria hawezi kuyaona hayo. Jahazi lililotiwa kalafati ya udanganyifu hupendeza ufukweni sawasawa na jahazi la haki, na plagi iliyo nyuma ya betri ina siri ya namna hiyohiyo.

Fundi mmoja wa Ngamiani, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, aliletewa Impreza iliyokuwa ikimisi. Mwenyewe, kijana wa mjini, alieleza kwamba plagi zote nne zilibadilishwa kwengine miezi michache nyuma, na kwamba ugonjwa lazima uwe kwenye koili. Fundi hakubisha. Alizitoa plagi tatu, akazipanga juu ya gunia: kauri nyeupe safi, chuma kinang'aa, ncha zina rangi ya kahawia hafifu, dalili ya injini inayochoma petroli yake vizuri. Ya nne ilipokataa kugeuka, aliutoa mkono wake, akaufuta oili kwa kitambaa.

"Mwanangu, hizi tatu zilibadilishwa," alisema. "Ile nyengine haikuguswa."

"Lakini nililipia nne, fundi."

"Naam. Nawe ungeionaje?"

Kijana alikasirika, na hasira yake ilikuwa na haki. Miezi yote hiyo alikuwa akinunua petroli ambayo robo yake haikuungua sawasawa, ikikimbilia kwenye ekzosi na kuyachoma masega. Juu ya hayo, usiku ule alitakiwa Pangani kwenye harusi ya dada yake, na gari ndilo lililoahidiwa kumbeba bibi harusi. Akamsihi fundi aivute plagi hiyo kwa vyovyote. Mwanafunzi wa gereji, barobaro mwenye misuli, alikwisha kukamata bomba la kurefushia mpini wa racheti.

"Weka chini hilo," fundi alimwambia. Kisha akamgeukia kijana: "Nikiilazimisha ikakatikia humo, injini itashuka, na harusi utaisikia kwa simu. Niachie mpaka asubuhi. Bibi harusi mtafutieni gari jengine."

Mtu anaweza kusema kwamba hapo fundi alijitakia lawama bure. Angeweza kuzirudisha zile tatu, akafunga betri, akachukua ujira wake, na gari lingefika Pangani likimisi kama lilivyokuja. Yule wa kwanza alifanya hivyo hasa, na aliyelipa alitoka akishukuru. Kijana aliondoka kwa basi, uso umemkunjika.

Usiku injini ilipoa. Fundi alikuwa amedondosha mafuta mepesi tunduni, akayaacha yajipenyeze. Alfajiri alimwita mwanafunzi, akamwambia atie mkono wake na afumbe macho.

"Geuza kidogo. Unahisi nini?"

"Imekaza, mwalimu."

"Usipambane nayo. Irudishe ndani kidogo, kisha itoe. Tena."

Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, robo ya mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta tena, hadi plagi ilipotoa mlio mwembamba wa mlango mkuukuu. Ilipotoka, ncha yake ilikuwa imelika ikawa butu, na mwili umevaa kutu, lakini hesi za alumini zilikuwa salama.

Mpya, ya namba ileile, mwanafunzi aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli, akaizungusha kwa vidole viwili. Mpira hauna nguvu ya kuharibu: plagi ikiingia upogo, mpira huteleza juu yake, na mwenye kuzungusha huonywa mapema. Kwanza aliigeuza kinyume hadi akahisi hesi zimekutana; ndipo akaipeleka mbele mpaka ikagota, akamalizia kwa racheti nusu ya mzunguko na ziada kidogo. Fundi alitia mkono nyuma yake, akahakiki, hakusema neno.

Kijana alirudi adhuhuri, kanzu ya harusi bado ingali mwilini. Aliwasha gari, akasikiliza kwa muda. Kisha akauliza plagi nne ni kiasi gani.

"Ni moja," fundi alisema, akimkabidhi ile ya zamani iliyofungwa kwenye gazeti. "Na ujira wa siku mbili."