Ya Baridi au ya Moto?

Kwa miaka kumi na miwili nilikunywa bia karibu kila Ijumaa, na sikuwahi kujua ladha yake. Natoa ushuhuda huu maana najua siko peke yangu.

Baa za Dar es Salaam zina swali lao. Mhudumu akifika tu: "Ya baridi au ya moto?" Ya moto si iliyochemshwa, ni ile ambayo haijaingia kwenye friji. Mimi nilikuwa mtu wa baridi, tena ile ambayo chupa inatoka jasho. Nilikunywa Safari kwa kuwa wenzangu walikunywa Safari. Raundi zilizunguka, chupa tupu zikapangwa mezani zihesabike, na asubuhi niliamka na kichwa kizito na mfuko mwepesi.

Desemba 2019 nilipanda nyumbani Marangu, kama Wachaga wengi tufanyavyo mwisho wa mwaka, nikiwa na kreti ya bia nyuma ya gari. Shangazi alikuwa amepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akaninyooshea kata, nikasingizia tumbo. Ukweli ni kwamba niliiona kuwa pombe ya wazee wa vilabuni. Aliniacha mpaka chupa ya nne, kisha akauliza, "Na hiyo yako, baba, ina ladha gani?"

Nikatafuta jibu. Nikasema, "Ya baridi."

Uani wote waliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini usiku swali lilinirudia. Shangazi aliuliza habari za bia, mimi nikamjibu habari za friji.

Mbege ya Mwaka Mpya nilishiriki kuipika. Tulimenya ndizi zilizoiva hadi kulegea, tukazichemsha mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichache kwa siku kadhaa. Ulezi ulilowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji wake ulipopoa ukachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na gome la mti wa msesewa likaleta uchungu. "Msesewa ni wa kupima," shangazi alionya. "Ukizidisha, umeharibu pombe na watu." Kesho yake povu lilikuwa limepanda.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, aliteka na kunywa mwenyewe mbele ya wageni. Ndiyo desturi: mpishi huanza, ili watu wajue hakuna ubaya ndani. Kisha kata ikanifikia. Utamu wa ndizi ulitangulia, ukakasi ukafuata, chembe za ulezi zikapita ulimini, na uchungu wa msesewa ukabaki kooni. Kesho yake pombe ileile ilikuwa kali zaidi, utamu umepungua. Chachu ilikuwa bado hai, inaendelea kula sukari.

Niliporudi Dar nilinunua Safari moja na Kilimanjaro moja, zote za moto, nikamimina kidogo kidogo kwenye glasi mbili. Baridi kali huutia ulimi ganzi. Hapo ndipo nilipoukuta uchungu ule wa Marangu ukiwa na sura nyingine: huku unatoka kwenye maua ya hopi. Shayiri nayo imechipushwa ikawa kimea, kama ulezi wa shangazi. Kilimanjaro ilipita mdomoni kwa wepesi. Safari ilikaa zaidi, na utamu wa nafaka nyuma yake. Nikasoma lebo: kilevi asilimia 4.5 kwa Kilimanjaro, 5.5 kwa Safari. Nikapiga hesabu. Nusu lita ya Safari ina mililita 27.5 za kilevi halisi. Sita zangu za Ijumaa zilikuwa mililita 165, glasi nzima ya spiriti tupu.

Sikidharau kiwanda. Kuchuja na kupasha bia joto ili chupa ya leo ifanane na ya miezi mitatu ijayo ni ufundi ambao shangazi hana. Pombe ya kienyeji nayo haina lebo. Nguvu yake huijui, na usafi wake uko mikononi mwa mpishi. Nisipomjua mpishi, sinywi.

Siku hizi nikiagiza ni chupa moja, ya moto, na inanichukua saa nzima. Ijumaa nyingine siagizi kabisa. Baa wamenibatiza jina la Padri, na wapo wawili walioacha kunipigia simu. Nimewakumbuka, ila raundi zao sijazikumbuka.

Wewe unayesoma, kama chupa ya kwanza huwa inakuburuta hadi ya mwisho, usifuate njia yangu. Acha kabisa, na omba msaada. Lakini kama unaweza kusimama, kabla ya kuagiza ya pili jiulize swali la shangazi. Jibu likiwa "ya baridi", agiza maji. Nayo yapo ya baridi.