Krismasi bila kuhesabiwa

Ukishaolewa na Mchagga, Desemba haina mjadala. Ofisi zikifungwa tu ni basi la Moshi, nauli imepaa, mmebanana na mizigo, mradi mfike nyumbani "kuhesabiwa", kama watu wa Dar wanavyotutania. Na mimi Marangu naipenda, jamani. Ile baridi ya asubuhi, mtori, ndafu, wazee na mbege yao. Ila ndoa yetu ilikuwa inaingia mwaka wa nne bila mtoto, na kule wanaohesabiwa ni pamoja na wajukuu. Kila Krismasi shangazi wa mume wangu ananishika tumbo mbele za watu: "Bado tu, mama?" Mume wangu anacheka, na mimi nacheka. Usiku hatuongei.

Desemba 2023 nikamwambia, mwaka huu twende Zanzibar, wawili tu. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaja na tiketi za boti.

Kama na wewe unalifikiria hilo, anza mapema. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar ni kama saa mbili tu, na sisi wananchi tunalipa kwa shilingi, bei chini ya wageni, kwa hiyo kitambulisho usikisahau. Pa kulala ndipo penye kazi. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba hadi mwaka mpya ukishaingia, bei zinaruka kweli, na baadhi ya hoteli zinakuongezea chakula cha usiku wa Krismasi cha lazima, hata kama huna hamu nacho. Uliza kabla hujatoa hela.

Asubuhi ya tarehe 25 tulisali Kanisa Kuu la Anglikana, pale Mkunazini, Mji Mkongwe. Sijui kama kuna kanisa Afrika Mashariki lenye uhusiano na Krismasi kama hili. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa halijaisha. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Mbele yake sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Watu waliuzwa hapo, baba akaenda huku, mtoto kule. Mume wangu aliliangalia lile duara kuliko alivyomwangalia mhubiri.

Tukatoka nje, na Krismasi ikaishia mlangoni! Hakuna muziki wa kupasua masikio, wala foleni ya saluni, wala mtu wa kukuuliza umevaa nini. Kisiwa karibu chote ni Waislamu. Ni sikukuu ya taifa, sawa, lakini Darajani biashara ilikuwa inaendelea. Jaws Corner, kwenye kahawa chungu na kashata, mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao aliitikia shikamoo zetu, akatuangalia tulivyopendeza, akasema, "Sikukuu njema, wanangu," kisha akarudi kwenye kete zake. Nilijisikia mwepesi, sijui nikuelezeje. (Dada, mjini vaa nguo ya kukusitiri. Hata Krismasi. Bikini yako ina pwani yake.)

Mchana tukaenda Jambiani, kusini mashariki, zaidi ya saa moja kwa gari. Mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, kwa hiyo bamvua. Asubuhi ya tarehe 26 maji yalikupwa mpaka mawimbi tukayaona kama mstari mweupe huko mbali kwenye mwamba. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, kule maji hayaendi mbali hivyo. Sisi tulitembea tu mchangani, maji ya kifundo cha mguu, tukawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, vijiti na kamba, kanga zimelowa mpaka kiunoni.

Mmoja akatuuliza, "Mna watoto?"

Nikajikaza. Mume wangu akajibu, "Bado, mama."

"Mungu atajaalia, baba. Hebu nishikie kamba hii."

Basi. Swali lile lile la Marangu, likapita kama upepo wa kaskazi. Mume wangu, mtu wa benki, alishika kamba ya mwani karibu saa nzima, suruali imekunjwa magotini.

Wakati wa kurudi ufukweni akasema bila kunitazama, "Vipimo vyote umepima wewe." Nikanyamaza. Daktari alishatuambia wazi kwamba tatizo linaweza kuwa kwa yeyote kati yetu, na karatasi ya vipimo vyake ilikuwa kwenye droo tangu mwezi wa sita. "Tukirudi Dar naenda," akasema.

Usiku akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mnakula nini huko?"

"Pweza, mama."

"Pweza! Na ndafu yenu nani ale?" Tukacheka wote. Halafu mume wangu akasema, "Mama, mambo ya mtoto uniulize mimi. Na shangazi umwambie hivyo hivyo. Mke wangu asiulizwe tena."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Haya," mama mkwe akasema. "Pasaka mtakuja?"